Sinia Moja, Sahani Tano

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea kule Mgeta katika Milima ya Uluguru, alikuwa na sheria moja tu kuhusu chakula: chakula hakisemwi. Ukipewa, kula. Kama hukitaki, nawa mikono, shukuru, nyamaza. Mtoto aliyethubutu kusema kwamba mboga haina chumvi aliondolewa jamvini, na wenzake wakaendelea kula kana kwamba hakuwapo. Nimeishi na sheria hiyo kwa zaidi ya miaka 60, na sasa nataka kuivunja. Naivunja kwa sababu mwaka jana nilijifunza kwamba kunyamaza mbele ya chakula kunaweza kumuumiza mtu kuliko kusema.

Kwanza yafaa nieleze kwamba kizazi chetu hakikulelewa kuchagua chakula. Nilipofika Mzumbe mwaka 1982 kama mwanafunzi, chuo kilikuwa bado kinaitwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, jina kilichopewa mwaka 1972. Kilikuwa kimeanza mwaka 1953, wakati wa Waingereza, kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa, na mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu. Vijana wa leo wakipita pale Changarawe na kuona vibanda vya chipsi vimepangana kama maduka ya nguo, hawawezi kudhani kwamba sisi tulipanga foleni bwaloni na sahani mkononi, tukipakuliwa kile kilichokuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilichokuwapo mara nyingi kilikuwa ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya manjano yaliyotoka nje ya nchi, ambayo watu waliyapa jina la timu ya mpira kwa sababu ya rangi yake. Hakuna aliyeuliza bei, na hakuna aliyeuliza kama kuna kitu kingine. Ukiuliza, mpishi alikutazama kama mtu anayeumwa.

Basi sisi tuliotoka kwenye foleni hiyo, tulipokuja kupata mishahara, tulijikuta tuna njaa ya namna mpya. Tulitaka kula kwa hiari. Mwaka 1994 tulikuwa watu saba, wote watumishi wa chuo, tukakubaliana kwamba kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tutakula pamoja mahali ambapo si nyumbani kwa mtu na si bwaloni. Mimi nilikuwa mwalimu. Wengine walikuwa mhasibu, ambaye tangu siku ya kwanza tulimfanya Mhazini. Mama mmoja wa maktaba, ambaye nitamwita Mama Mkutubi. Mwalimu wa takwimu. Na dereva wa gari la chuo. Wawili wametangulia mbele ya haki, nao sitawataja hapa ila kwa kuwakumbuka.

Dereva ni Mzaramo na mimi ni Mluguru, hivyo ni mtani wangu kwa mila. Alikuwa na ruhusa ya kunitukana kabla sijakaa, nami nilikuwa na ruhusa ya kumlipa. Jambo hilo lilitusaidia sana. Mahali pa kazi mimi nilipanda gari naye akaliendesha. Siku ya Ijumaa utani ulitusawazisha kabla hata maji ya kunawa hayajaletwa.

Tulikula kwa mama mmoja aliyepika chini ya mwembe, ambaye tulimwita Mama Mwembeni. Mhazini alipokea mchango kwa kila mtu mapema mchana, kiasi kilekile kwa wote, akampelekea mama, naye akapika kilicholingana na fedha hizo. Mwezi wenye neema ulikuwa wa kuku. Mwezi mkavu ulikuwa wa dagaa na kisamvu. Chakula kililetwa kwenye sinia moja, tukakizunguka. Baada ya kula, kila mmoja alitoa hukumu yake, Mhazini akaiandika katika daftari lenye safu tatu: chakula, huduma, bei. Ilikuwa mchezo, lakini mchezo wenye adabu yake. Bibi yangu angetuondoa sote jamvini.

Katika hukumu hizo aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa Dereva. Alikuwa amekula katika kila kituo kati ya Dar es Salaam na Mbeya, naye alikuwa na kipimo chake: hesabu malori yaliyoegeshwa nje. Dereva wa lori, alisema, hana muda wa kusubiri, hana fedha ya kuchezea, na akiharibikiwa na tumbo njiani hana pa kwenda. Kwa hiyo anapokula yeye, wewe kula bila wasiwasi. Siku moja mwalimu wa takwimu alitueleza kwamba kitabu cha migahawa kinachoogopwa kuliko vyote duniani kilianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya matairi, Michelin, ili wenye magari wasafiri zaidi na matairi yaishe upesi, na kwamba nyota zinazowatoa wapishi jasho zilianza kutolewa mwaka 1926. Dereva alipiga kofi pajani. Akasema kumbe Wazungu nao waliijua siri, kwamba mambo ya chakula waachiwe wenye magari.

Mwaka 2019 magoti ya Mama Mwembeni yalikataa kazi, akaacha kupika. Tangu hapo tulitangatanga. Mara tulikwenda mjini Morogoro, mara tulikula nyumbani kwa mmojawetu, mara Ijumaa ilipita bure. Nasi tulikuwa tumestaafu mmoja baada ya mwingine. Nasema tumestaafu kama vile ni jambo moja kwa wote, lakini sivyo. Mwalimu hustaafu na kazi za ushauri na mikutano. Dereva hustaafu na leseni yake na mgongo unaouma.

Ndipo mwezi wa Mei mwaka jana nikasikia kwamba mgahawa mpya umefunguliwa si mbali na njia panda ya Sangasanga, pale barabara ya kuja Mzumbe inapoachana na ile kuu ya Iringa. Mwenyewe, nilivyoambiwa, ni kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam na mkopo na matumaini. Sitautaja kwa jina, kwa kuwa makosa nitakayoyasema mengine ni yetu, na si haki kijana wa watu abebe mzigo wote. Mimi ndiye niliyewahimiza wenzangu twende. Naomba msomaji akumbuke hilo.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu jioni. Milima ilikuwa imevaa wingu lake la jioni, na upepo ulikuwa wa baridi ile ya baada ya masika. Dereva, kabla ya kuingia, alisimama akatazama maegesho. Palikuwa na magari madogo mawili na pikipiki. "Lori sifuri," akasema, tukacheka.

Nianze na mema, maana yapo. Mahali ni safi. Viti vina migongo, jambo ambalo mtu wa umri wa miaka 30 halioni na wa umri wetu analishukuru. Taa zinamulika bila kuumiza macho. Mama Mkutubi alikwenda chooni, akarudi na uso wa furaha, akatuambia jambo ambalo sisi wanaume hatukuwa tumelifikiria kwa miaka yote 25 ya mwembeni: kwamba kwa mama yule hapakuwa na choo, na kwamba kila Ijumaa yeye alikuwa hanywi maji tangu saa nane mchana. "Kaka zangu," alisema, "ninyi mnaukumbuka mwembe. Mimi naukumbuka mwembe na kiu yake." Tulinyamaza kidogo. Ni vema kila anayesifu mambo ya zamani akae mezani na mtu aliyeyalipia.

Kuku naye alikuwa mzuri. Nilipata robo ya kuku wa kienyeji na ugali kwa Sh. 15,000, na kwa hakika mpishi anajua kazi. Kuku alikuwa amelowekwa kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akachomwa polepole juu ya mkaa mpaka ngozi ikakauka na nyama ya ndani ikabaki na maji yake. Kuku wa kienyeji hapendi haraka. Ukimharakisha anakuwa raba. Huyu hakuharakishwa. Mhazini, ambaye hawezi kuona bei bila kuifungua ndani yake kama saa, alipiga hesabu mezani. Kuku hai mnadani, alisema, ni kama Sh. 20,000. Robo nne zinaingiza 60,000. Ukitoa kuku inabaki 40,000, na humo utoe mkaa, unga, mafuta, umeme wa jokofu, leseni, kodi, mpishi, na wahudumu watatu, na jioni ile wageni wote tulikuwa kumi na wawili. "Huyu kijana hatuibii," alihitimisha. "Huyu kijana anazama." Kwa hiyo sisemi kwamba bei ilikuwa ya dhuluma.

Sasa nije kwenye mabaya. Orodha ya vyakula iliandikwa kwa Kiingereza kitupu, ndani ya jalada zito, na mchicha ulikuwa umepewa jina refu ambalo mwalimu wa takwimu alilisoma mara mbili kabla ya kuutambua. Katika vyakula zaidi ya ishirini vilivyoorodheshwa, vilivyokuwapo havikufika kumi. Binti mhudumu, mwenye adabu nyingi na shikamoo kwa kila mmoja wetu, alilazimika kusema "hicho kimeisha, wazee wangu" mpaka tukaanza kumwonea huruma. Orodha fupi ya kweli ni bora kuliko ndefu ya ndoto.

Mboga zilikuwa karoti na njegere zilizotoka kwenye pakiti ya barafu. Hili lilinikera kuliko bei. Barabara inayopita Mzumbe na Mlali kwenda Langali ndiyo inayoteremsha mboga za Mgeta: kabichi, karoti, njegere, viazi. Fuso zinashuka nazo, zikipita karibu kabisa na mlango wa mgahawa huu kwenda kulisha Dar es Salaam. Na ndani ya mgahawa, mtu wa Mgeta anapewa karoti iliyosafiri kutoka asikokujua, laini kama sabuni iliyolala majini.

Muziki ulikuwa wa kishindo. Masikio yetu hayatenganishi tena sauti ya mtu na ya spika, kwa hiyo tulipiga kelele, kisha tukachoka, kisha tukatazamana.

Lakini kosa kubwa la mgahawa, kwa maoni yangu, ni kwamba chakula hakikuja pamoja. Samaki wa Mama Mkutubi alifika kwanza. Kwa adabu yetu aliyepewa kwanza huwasubiri wenzake, basi akamsubirisha samaki mpaka mafuta yakaganda. Mbuzi wa Mhazini alifuata. Kuku wangu alifika saa mbili kasorobo. Biriani la mwalimu wa takwimu lilikuja wakati mimi nimemaliza. Tulikula kwa zamu, kila mmoja akitazamwa. Nilikumbuka kwamba kwenye sinia hapana aliyewahi wala aliyechelewa. Sahani humgawia mtu chakula chake, na papo hapo humgawia wakati wake na mahali pake, na asipojua anajikuta amekula peke yake katikati ya marafiki.

Hapa nafikia jambo lililonifanya niandike. Orodha ilipozunguka na kumfikia Dereva, mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Niliona macho yake yakienda upande wa kulia, kwenye bei, yakashuka mpaka chini bila kugusa upande wa kushoto hata mara moja. Kisha akalifunga jalada, akalirudisha kwa mikono miwili kwa binti, akasema atakunywa supu na chapati mbili. "Tumbo langu halipendi vitu vizito usiku," alisema. Nimekula na mtu huyu kwa miaka 30. Nimemwona akimaliza kichwa cha mbuzi saa tatu ya usiku na kuuliza kama kuna kingine. Nilijua maana ya maneno yale, na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ni heshima. Chakula hakisemwi.

Bili ilikuja: Sh. 105,000. Mhazini, kwa desturi ya miaka yote, aliigawa kwa tano bila kufikiri, kila mtu 21,000. Kilichomfikia Dereva, supu, chapati na chupa ya maji, kilikuwa Sh. 8,000. Alitoa noti zake, akazinyoosha juu ya meza moja moja, akalipa. Wala hakuchelewa kulipa. Tuliagana, akanitania kwamba Waluguru wamepata mahali pa kujifunzia kula kwa uma, akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nilimpigia Mhazini simu, naye akasema hata yeye alishtuka alipofika nyumbani, na kwamba amefanya kosa la hesabu. Tukaona dawa ni rahisi. Tulichanga, tukamtumia Dereva Sh. 13,000 kwa simu, ile ziada aliyolipa. Hatukumpigia. Hatukuandika neno. Tulidhani kimya kitafanya jambo liwe jepesi.

Kabla ya adhuhuri fedha ilikuwa imerudi kwa Mhazini, 13,000 kamili. Makato ya kuituma alikuwa ameyalipa yeye mwenyewe. Nayo haikuja na neno.

Ijumaa ya mwisho ya Juni Dereva hakuja. Alisema ana safari. Julai alisema ana mafua.

Mwezi wa Agosti nilikwenda kwake, upande wa njia ya Mlali. Nilimkuta chini ya paa la nje akiziba pancha ya baiskeli ya mjukuu. Alinikaribisha vizuri, na nilipoketi akauliza, "Mwalimu, umekuja kuhesabu malori?" Shemeji alituletea ugali wa dona, mlenda na dagaa, na tulikula kutoka chombo kimoja. Tulipomaliza nikamwambia kwamba nimekuja kuomba radhi. Akauliza, "Kwa lipi?" Nilitaka kusema kwa bili, lakini nilimwona amesubiri kama mwalimu anavyosubiri jibu, nikasita.

Akasema yeye. "Ningekuwa na hasira ya bei nisingekula hata hiyo supu. Dereva anajua kula kwa fedha aliyo nayo. Mlipogawa bili sikusema, kwa sababu ndiyo desturi yetu, na mimi sikutaka desturi ivunjike kwa ajili yangu. Siku zile za mwembeni Mhazini alikuwa ananidai mpaka mwezi wa pili, na wewe ulinilipia sijui mara ngapi, na mimi nilikulipia ulipouguliwa na mama. Nani aliandika? Ilikuwa sinia moja. Lakini mliponirudishia ile elfu kumi na tatu bila hata salamu, mlinitoa jamvini."

Nilimwambia kwamba niliona macho yake kwenye orodha. Akasema, "Najua uliona. Ungenitania. Ungesema Mzaramo bahili, agiza kuku nitakulipia mimi, nami ningekutukana na kuku ningemla. Utani ni wa nini basi?"

Nimeyafikiri maneno hayo kuliko vitabu vingi nilivyofundisha. Bibi yangu aliposema chakula hakisemwi, alikuwa analinda aliyepika, maana alikuwa amepika alichonacho. Mimi niliichukua sheria hiyo nikaitumia kumlinda asiyehitaji kulindwa, na kujilinda mimi nisione haya. Na nikadhani namstahi.

Dereva alisema jambo jingine ambalo linahusu mgahawa, nami nalileta hapa kama hukumu yake, kwa kuwa ndiye mwenye haki ya kuitoa. "Kosa si la yule kijana. Yeye anauza sahani. Sisi ndio tulikwenda kununua sahani tukidhani tunanunua Ijumaa."

Naafiki, ila nusu. Ni kweli kwamba mgahawa hauwezi kuuza urafiki. Lakini mahali pa kula pana nguvu ya kuurahisisha au kuuwekea vikwazo. Kwa Mama Mwembeni fedha ilitangulia na chakula kikafuata, kwa hiyo hapana aliyesoma bei mbele ya mwenzake. Kwenye mgahawa chakula kinatangulia na fedha inafuata, na kila mtu amekaa na siri yake chini ya meza. Namna ya kwanza inamlazimisha mpishi kufikiri: nina kiasi hiki, na watu hawa, niwalishe nini? Namna ya pili inamlazimisha mlaji kufikiri: nina kiasi hiki, nijifiche vipi? Anayeandika habari za migahawa akitaja chumvi na mafuta tu, akaacha jambo hili, amekagua gari kwa kutazama rangi.

Wala sisemi turudi mwembeni. Mama Mkutubi amekwisha kunifunga mdomo, na ana haki. Tunayoyakumbuka kama usawa yalikuwa na mtu aliyekaa na kiu. Nataka choo cha mgahawa na sinia la mwembeni, na sioni kwa nini havikai nyumba moja.

Tukajaribu. Septemba Mhazini alikusanya mchango kama zamani, Sh. 12,000 kwa kila mtu, akaenda mchana kumwona yule kijana mwenye mgahawa. Akamwekea 60,000 mezani, akamwambia: tupikie kinachotosha fedha hii, watu watano, saa moja usiku, chombo kimoja, na mboga zitoke Mgeta, na muziki upunguze. Kijana alishangaa, akauliza watataka nini hasa. Mhazini akamjibu kwamba hilo ndilo swali lake yeye, si letu. Baadaye tulisikia kwamba hakuwa na sinia, akaenda kuazima kwa jirani.

Nilikwenda mwenyewe kumchukua Dereva, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba nasikia Wazaramo siku hizi wanaogopa ugali. Alikuja. Tulipata kuku mmoja mzima, wali, kabichi iliyokaangwa na karoti ngumu za kweli, na bakuli la mchuzi. Kilichelewa dakika arobaini, lakini kilikuja chote mara moja. Kijana mwenyewe alisimama mbali kidogo akitutazama tunavyokula, na nilidhani anapiga hesabu: kwamba kuku mmoja kwenye sinia ameshibisha watano na amebakiza faida, bila mtu kuuliza kilichoisha na kilichopo.

Kwa anayetaka ushauri wangu, basi, ni huu. Mgahawa ule unafaa. Nenda kwa ajili ya kuku. Mboga ulizia zilikotoka. Usiende na njaa kali. Na kama unakwenda na watu unaowapenda, panga fedha kabla ya kukaa, au kama hukupanga, zungumza. Mtu akisema tumbo lake halipendi vitu vizito, mtazame vizuri, kisha mtanie.

Hukumu ya Dereva ya jioni ile iko kwenye daftari kwa mwandiko wa Mhazini. Chakula: kizuri. Huduma: wamechelewa, lakini wameleta pamoja. Bei: tumeipanga wenyewe. Kisha akadai iongezwe safu ya nne, nayo ikachorwa kwa kalamu palepale mezani. Malori: mawili.

Aliondoka kabla ya kahawa. Alisema ana wageni nyumbani, nami sikumuuliza ni wageni gani. Oktoba alikuja. Novemba hakuja, na Desemba alikuja na mchango wake ulikuwa wa kwanza kufika. Sijui kama mambo yamekwisha kabisa. Kwa umri wetu jeraha hupona polepole, kama goti. Daftari liko kwa Mhazini, na Ijumaa ni keshokutwa.